Maini

Sheria ya kazi yangu ni fupi: usiongeze, usipunguze.
Nimeketi katikati yao, kliniki ya wajawazito, Glasgow,
mvua ikigonga dirisha kama mtu aliyesahau ufunguo.
Mkunga Morag ameshika majibu ya damu.

Anasema. Natafsiri: Una virusi vya homa ya ini, aina ya B.
Faida, mimba ya wiki ishirini na sita,
ananitazama mimi, si yeye,
kana kwamba nimevileta mkobani.
"Ini? Mtu hukatwa maini kwa maneno.
Mimi kanikata nani?"
Morag anasubiri. Nampa nusu tu:
anauliza kavipata wapi.

Huenda kwa mama yake, siku aliyozaliwa.

Kwa lugha ya Morag sentensi hiyo haina uzito.
Kwa yetu inamshtaki marehemu.
Naipitisha mlango wa uani:
"Huenda kwa mama, ulipozaliwa. Hakujua.
Hakuna aliyemwambia."
Nimeongeza. Nakiri hapa, nimeongeza.

Yaliyobaki ni hesabu.
Kidonge kimoja kila siku, usiruke.
Mtoto achanjwe kabla hajamaliza siku moja duniani,
kisha tena, na tena,
na akitimiza mwaka apimwe damu.
Mume naye aje. Wembe na mswaki, kila mtu na wake.
"Na ziwa?"
Nyonyesha.
Akaniomba nirudie. Nyonyesha.
Mara ya tatu alilisema mwenyewe,
kwa sauti ya chini, akiliambia tumbo.

Kituoni basi limenipita nikilitazama.
Mama yangu: macho ya njano kama kiini cha yai,
tumbo limejaa maji, miguu vijiti,
na majirani wakinong'ona jina la shangazi.
Shangazi Mwavita, alifukuzwa usiku
kwa ajili ya tumbo lile,
na sufuria moja, na kandambili zisizolingana.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilirusha jiwe.
Dogo, lakini nilirusha.

Nimerudi mapokezi, nimelowa.
Wananiuliza nimekuja kumkalimani nani.
Hakuna, nasema, na nakunja mkono wa sweta.

Kwanza damu.
Halafu ile namba ya Uvira,
kama bado inaita.