Kamba ya Magunia

Nesi Subilaga alisema, njooni wote.
Nikamwambia mgonjwa ni mmoja.
Akaandika kitu kwenye daftari lake, hakunijibu,
kisha akarudia: wote, na viatu vya kukanyagia matope.

Ilikuwa Jumamosi ya nne.
Isongole imejifunika ukungu hadi kidevuni,
lori la viazi linaunguruma na haliondoki,
nasi tunapanda kuelekea Ngosi,
Gwamaka mbele,
kwa kuwa sheria ya nesi ni hiyo:
anayeumwa ndiye anayepima mwendo.
Akisimama, tunasimama.
Akitazama kuvu kwenye gogo robo saa,
nasi tunatazama kuvu.

Mimi ni mtu wa kupakia magunia.
Sikuwa nimewahi kutazama kuvu.

Mke wangu Atuganile alibeba chai kwenye chupa
na vidonge vya saa nne kwenye pindo la kitenge,
maana msitu haufuti dozi.
Tumpe, wa miaka tisa, alihesabu migomba ya porini,
akisahau anaanza upya,
wala hakumwogopa kaka yake
kama tulivyomwogopa sisi wakubwa.

Niseme lililo kweli, njia ile haina pa kujificha:
mwaka jana, kwenye mvua za kwanza,
sauti zilipomjaa Gwamaka kichwani
hata akawa anazijibu usiku kucha, kwa adabu,
ndiyo, hapana, nisamehe,
mimi nilimfunga.
Kamba ya katani, ile ya kufungia lumbesa.
Nikapiga fundo la gunia,
fundo ambalo mikono yangu inalijua gizani,
tukampeleka kuombewa,
na majirani wakasema, huyu ni baba mwenye moyo.
Alama zilikaa mikononi mwake mpaka viazi vikachimbwa.

Hatukuwahi kulizungumza.
Kwetu jambo zito huwekwa darini, juu ya moshi,
likauke lenyewe kama mahindi ya mbegu.

Baada ya mianzi njia husimama wima.
Udongo mweusi, mizizi, utelezi.
Nesi akafungua mkoba, akatoa kamba.

Nilinusa katani kabla sijaiona.
Atuganile akatazama pembeni.
Ndege mmoja akalia, akanyamaza, kama aliyekosea nyumba.
Gwamaka akaishika, akaipima kwa kidole gumba,
akasema, bila hasira, kama anayesoma kibao cha barabarani:
"Ni aina ile ile."
Hapo ndipo magoti yangu yalipokwisha,
wala si kwa mlima.

Nilitaka nesi aseme neno.
Wiki zote alikuwa nalo; siku hiyo
aliinama akafunga upya kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.
Nikasema, "Mwanangu, nilikufunga."
Basi. Sikuongeza "kwa sababu,"
ingawa nilikuwa nayo mdomoni, tayari, imeiva.

Alinyamaza muda wa kumaliza kikombe cha chai.
Kisha akapanda peke yake, akazungusha kamba kwenye shina,
akatupa ncha chini. Ikanigonga kifuani.
"Shika, baba. Usijifunge. Shika tu."

Nikashika.

Juu, ukungu ulikataa kutuonyesha ziwa.
Tumpe akanuna. Tukala viazi vya kuchemsha,
na Gwamaka akamjibu mtu asiyekuwepo,
kwa sauti ndogo, mara mbili,
akarudi kwetu, akaomba chumvi.

Jumamosi ya tano hakutoka kitandani.
Atuganile akachemsha chai vilevile, akajaza chupa.
Tukasogeza viti mlangoni pa chumba chake, wote,
na viatu vyetu vya matope,
lori likaondoka bila mimi.
Saa nne akala vidonge vyake.
Saa tano Tumpe akamwuliza, kutoka kizingitini,
ile migomba tuliishia ya ngapi?
Akajigeuza ukutani.
"Arobaini na moja," akasema.