Njiwa wa Achiel

Daktari wa Ghent alikuwekea chombo mgongoni,
akasema: vuta. Ukavuta.
Chini kabisa, nyuma ya mbavu, alisikia kitu
kama kiatu cha mjukuu wetu kikifunguliwa mkanda wa kunata:
kraa, kraa, kila pumzi.

Kwenye picha mapafu yako yalikuwa sega.
Sega bila asali, Achiel, bila hata nyuki.
"Makovu haya hayafutiki," akasema. "Tutayachelewesha."
Kisha akauliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa
kwa miaka minne ya dawa za kikohozi:
"Mnafuga ndege?"

Ulinitazama mimi, si yeye.

Njiwa sitini na wawili.
Unga mweupe wa manyoya kwenye kola ya koti lako,
ambao kila Jumapili kabla ya misa
niliupangusa kwa kiganja hiki, nikicheka.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Nilikuwa nakipangusa.

Wanunuzi walikuja na vikapu, Februari, matope hadi mlangoni.
Wewe dirishani, kioo kimefungwa,
ukiwahesabu kwa pete za miguuni.
Yule jike mzee aliyerudi kutoka Barcelona na bawa lililochanika,
hakuna aliyemtaka. Lieven alimchukua, akaenda naye Aalst.

Sasa mashine inanguruma sebuleni kama friji ya pili.
Mrija mita kumi na mbili: jikoni, chooni,
ngazi ya tatu, basi.
Nimejifunza kuuruka bila kutazama.
Nimejifunza kutokuuliza kitu ukiwa unapanda.
Sentensi zako ndefu huzimalizia mimi,
mara nyingine vibaya, na unakasirika,
na hasira nayo inataka hewa,
kwa hiyo unaniinulia kidole tu,
kidole kilichotuna nchani kama njiti ya kiberiti.

"Pumzika," majirani wanakwambia.
Neno limebeba pumzi tumboni
nao hawalisikii likikohoa.

Jumanne nilianika shuka.
Juu ya banda tupu, kwenye bati, amekaa:
bawa moja limeshuka, pete ya kijani.
Kutoka Aalst, na hakuna aliyemwita.
Nikainua taulo kumtisha.
Ukagonga kioo.
Ulikuwa umeegemea fremu, midomo ya zambarau,
mrija umenyooka hadi mwisho wake.

"Usimfukuze."

Neno moja, sentensi nzima.
Lilikutosha pumzi.

Nilivaa barakoa, nikampelekea konzi ya mahindi.
Koti nililivulia nje, kwenye mvua.