Sufu Iliyonyeshewa

Alhamisi, saa nne, nampeleka baba mkahawani,
pale barabara ya zamani inapoanza kuukwea mlima wa Shap.
Usukani ni wangu siku hizi.
Yeye hukaa kushoto, kofia mapajani,
na kila kona mguu wake wa kulia
hukanyaga breki ambayo haipo.

Wenzake wamekwisha fika:
Alwyn Pugh na mkongojo wake,
Desmond Tordoff na kimya chake.
Chai ya rangi ya grisi, soseji,
mkate wa kukaanga ambao daktari amekataza.
Hawajuliani hali. Huulizana, "Umepitia wapi?"
na jibu huwa refu kuliko safari.

Kisha malori huanza kuingia, moja moja, vinywani mwao:
lile lisilo na hita,
dereva kajifunga gunia miguuni, gazeti kifuani;
lile la chuma cha Consett, tani kumi na nne,
lililorudi kinyumenyume usiku wa theluji
huku utingo akikimbia nalo, gogo mkononi,
akitafuta gurudumu la kulizuia.
"Gia ilikataa," asema Alwyn.
"Ulikataa wewe," asema baba.
Vikombe hutikisika.

Jeshi nalo huingia, kwa mlango wa nyuma.
Alwyn alifunzwa udereva Saiprasi
na sajini aliyeweka kikombe cha maji juu ya dashibodi:
tone likimwagika, unaosha lori zima kwa mswaki.
Wako mwenyewe.
Baba alipelekwa Ujerumani kulinda ghala la viazi.
Miaka miwili. Adui hakutokea.
Viazi vilichipua.
Husema hivyo kila wiki, na kila wiki nacheka.

Tordoff hula tu.
Adeni: tunajua jina hilo,
na kwamba mpira ukiungua popote
hutoka nje bila kofia.

Leo mvua ilikuwa ikipiga kioo, baba akaikumbuka sufu,
marobota kutoka gati la Liverpool kwenda Bradford,
turubai lina tundu dogo, upana wa shilingi.
"Niliondoka na tani nane nikafika na kumi.
Mwenye mizani akaniita mwizi.
Nikamwambia, mwizi gani huongeza?"

Walicheka. Tordoff akaweka uma chini.

"Mimi nilibeba mabegi," akasema.
"Tisa. Ya turubai, kila moja lina jina.
Kutoka kambini hadi bandarini.
Wenyewe walikuwa wametangulia.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, lori zima nyuma yangu,
na mzigo ningeweza kuubeba begani kwa safari mbili.
Bandarini kila mtu alisema si wake.
Nikayapanga kivulini. Nikarudi."

Akatoa pochi, na ndani ya pochi karatasi
iliyokunjwa mpaka mikunjo ikawa matundu.
Hati ya mzigo. Tarehe ipo. Idadi ipo.
Mstari wa mpokeaji mtupu.

Alwyn aliangalia chumvi.
Mhudumu akaja na birika, akaona, akarudi nalo.
"Hebu," akasema baba,
akatafuta penseli kwenye mfuko wa koti
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
Mkono wake hutetemeka; sahihi ilitoka nje ya mstari,
ikapanda juu ya tarehe.
Chini yake akaandika, kama madereva waandikavyo
mzigo ukifika na dosari:
Umepokelewa. Umelowa.

Tordoff alisoma. Alisoma tena.
Akaikunja, akaomba mkate mwingine.
Alwyn akarudi kwenye chuma cha Consett,
na safari hii ilikuwa tani kumi na sita.

Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Aliyesema hakuwahi kuendesha kwenye mvua.

Tulirudi polepole, mteremko wote wa mlima.
Mguu wa baba ukakanyaga.
Nami nikafunga breki, pasipo kona, pasipo gari mbele,
ili ajue imeshika.