Urefu wa Wimbo

Chumba cha nne, jumba la utamaduni, Al-Hamra.
Kiyoyozi kinakoroma kuliko bawabu.
Kwenye kioo karatasi niliyoibandika mwenyewe:
Zulia la singa za mbuzi. Jabal Shams.
Mfumaji hajulikani.

Mfumaji huyo hapo, anakunywa kahawa,
viatu kavivua mlangoni kana kwamba ni msikitini.
Muhanna bin Khalaf. Kateremka zile kona zote
na gari la mkwewe, tangu alfajiri,
na gunia la singa lililotupigisha chafya sote.

Nikamwekea kinasa sauti.
"Babu, tuimbie ule wa kufumia."
Akakitazama kijitaa chekundu,
akafumbua mdomo, akaufumba.
"Mikono yangu haina kitu, Mzinjibari."
Mkono mtupu haulambwi, hilo nalijua;
sikujua kuwa hauimbi pia.

Basi tukatafuta vigingi.
Marumaru ikavikataa.
Tukatoka uani penye changarawe,
tukavuta mtande toka mtendeni hadi bomba la maji,
mkurugenzi akitazama dirishani, simu sikioni.
Mshindio wa kwanza ulipopita, sauti ikaja,
nyembamba, ya puani,
ikikatika kila uzi ukikatika,
ikingoja fundo.

Nilidhani ni mapenzi. Kumbe hesabu:
nyeusi tatu, nyekundu moja, rudi;
nyeusi tatu, mbuzi wa shangazi, rudi.
Akikosea neno, zulia linapinda.

Na mimi nikapinda.
Bibi yangu, Konde, kibarazani,
akisuka ukili na kunung'unika,
nami wa miaka sita namwambia
nyamaza, bibi, nasikiliza redio.
Akanyamaza. Nakumbuka alifumua shibiri nzima.
Ulikuwa umefika ngapi, bibi?
Mkeka ule tulikuja nao Maskati.
Tulipohama Ruwi tukautupa.

Jioni nimeandika karatasi mpya.
Jina lake limeingia lote, hadi la babu yake,
na la yule shangazi mwenye mbuzi.
Palipo na "Muda wa wimbo" nikakwama,
maana betri ilikufa katikati.
Nikamkimbilia garini: babu, wimbo una urefu gani?

"Dhiraa saba," akasema,
akifunga mlango kwa mikono miwili.
"Mvua ikinyesha vizuri, mbuzi wakashiba,
nane."