Zamu ya Kulala

Siku ishirini na nane. Zimeandikwa kwenye karatasi,
mhuri wa kampuni umelalia ubavu.
Miaka kumi na mmoja nimelinda ghala la mvinyo pale Miyuji,
usiku rungu na kurunzi, mchana kitanda,
jua likinichungulia kwenye matundu ya bati,
jirani akitwanga, watoto wakigombania tairi.
Usingizi wa mchana ni wa kuazima:
kila sauti inakuja kuudai.

Saa mbili usiku, stesheni ya Dodoma.
Daraja la pili, behewa la kulala,
kitanda cha juu, upande wa dirisha.
Mbeleje kanifungia zabibu ndani ya kitenge,
za mjukuu wetu aliye Tabora.
Kanishika mkono, kaniambia:
"Ukifika, usimsimulie habari za wezi."

Chini yangu mwalimu Nyamizi anasahihisha madaftari,
kalamu nyekundu inaruka kila behewa likitikisika,
mtoto wa watu anapata vema asiyoistahili.
Kitanda cha mkabala, kijana muuza asali
keshavua viatu, na sote tumejua.

Nimejilaza. Godoro la plastiki limeninata mgongoni.
Shuka lina harufu ya sabuni ya mche na kutu kidogo.
Dari iko karibu, kiasi cha pua na kiganja.
Raha tupu.
Lakini mwili haujasoma ile karatasi ya likizo.

Zuzu, jicho.
Kigwe, jicho.
Bahi nikasikia vyura kwenye majaruba
nikawahesabu, kama ninavyohesabu kufuli.

Kintinku treni ikasimama, ikanyamaza.
Mlinzi haogopi kelele, bwana. Anaogopa kimya.
Nikainuka, kichwa kikagonga dari,
mkono ukatafuta rungu
ukashika zabibu.

Ndipo mwanga ukapita koridoni.
Kurunzi, inayumba taratibu, inapimapima milango,
mwendo ule ule wangu, hatua tatu na kusikiliza.
Ukasimama kwetu. Mhudumu wa behewa,
kofia imekaa upande, shingo imefungwa skafu,
akamulika sakafu, asitupige machoni,
(hapo nikajua huyu anaijua kazi)
akasema kwa sauti ya chini:
"Tunapisha treni ya mizigo. Lala, mzee. Mimi nipo."

Mimi nipo.
Maneno hayo nimeyasema mara ngapi
kwa ghala, kwa mapipa, kwa paka wa meneja,
kwa geti lililokuwa likilia upepo ukivuma.
Hakuna aliyewahi kunirudishia.

Nikavuta shuka mpaka masikioni.
Treni ikajikusanya, ikaanza kuupanda mlima wa Saranda,
ta-ta-kumu, ta-ta-kumu,
polepole, kama mama anayembembeleza mtoto
huku akiwaza mambo yake.
Wauza kuku wakaita dirishani, nikawasikia kwa mbali,
sauti zao zikiwa ndogo, kisha zikiwa za mtu mwingine,
kisha

nikaona jua.
Sijui Manyoni ilikuwa na sura gani.
Itigi kijana wa asali kateremka,
kaniachia chupa ya soda iliyojaa nta na asali
karibu na miguu, bila kuniamsha.
Mtu kaingia, mtu katoka, mlango umefunguliwa, umefungwa,
na mimi, Ndahani, mlinzi namba moja wa Miyuji,
sikusikia!

"Umekoroma, baba," mwalimu Nyamizi akaniambia,
"tangu Saranda. Darasa zima nimesahihisha kwa mdundo wako."
Nikaomba radhi. Akacheka mpaka kalamu ikaanguka.

Zabibu nusu nimezilalia.
Maji yake yameshuka shukani,
yana utamu, yananata, yana rangi ya ule mvinyo
nilioulinda miaka yote sijauonja.
Nikalamba kidole.
Nje, miombo ya Malongwe inakimbia kurudi Dodoma.
Tabora bado mbali kidogo, wanasema.
Vizuri.
Nikageukia ukutani.