Utoro wa Maji

Wataalamu waliotujengea bwawa hapa Kahe
waliliita lile pengo la zege utoro wa maji.
Nilicheka peke yangu. Wakauliza, mzee, vipi?
Nikasema hamna kitu, baridi tu.

Mimi, Nderingo wa Kiwia, darasa la nne B, Kirua,
niliandikwa mtoro kwa wino mwekundu
siku kumi na tisa katika muhula mmoja,
kila siku na fimbo zake. Ndama za miguu zinazikumbuka.
Leo nimepewa daftari, tochi, koti la mvua lisilo na vifungo,
nilinde njia ya kutorokea.

Sikiliza, maana wengi hawajui.
Tuta ni udongo. Mfinyanzi ulioshindiliwa,
nyasi juu yake, mbuzi wa jirani juu ya nyasi.
Laweza kubeba maji kifuani miaka hamsini,
haliwezi kuyabeba kichwani usiku mmoja.
Yakilipanda huchora kwanza mfereji mwembamba, kidole cha mtoto;
halafu kwato;
halafu mlango;
halafu hakuna tuta, kuna Kahe nzima inaelea na vyungu vyake.
Ndiyo maana pembeni, kilima kilipokubali kuchongwa,
waliweka ukingo wa zege, chini ya kichwa cha tuta
kwa kimo cha mtoto wa darasa la nne.
Hauna lango, hauna komeo, hauna mtu wa kuombwa ufunguo.
Maji yakifika pale yanajiruhusu.

Mwaka jana mpunga ulikauka ukiwa na mimba.
Kwa hiyo Aprili hii bwawa lilipojaa, ukingo ukaanza kulambwa,
watu walisimama wakiyatazama yanavyoondoka
kama mtu anayetazama noti zake zikipeperuka.
Ndeanasia akasema: haya ni yetu, unayaachia yaende wapi?
Nikasema: yanakoenda.
Halikuwa jibu, najua.
Usiku wakaja na viroba. Arobaini, vya mchanga.
Wakauziba ukingo
kama wanavyomziba mdomo mwanamume anayelia msibani.

Huku chini nyota zote zilikuwa mahali pake.
Lakini Kibo haikuonekana tangu alasiri,
na mvua ya Marangu haibishi hodi,
hutufikia imevua viatu.
Saa nane nikamulika kipimo:
namba niliyoizoea ilikuwa chini ya maji.
Na ya juu yake pia.

Kiroba cha kwanza nilikivuta kwa kamba ya mbuzi.
Cha saba, mtu akaingia majini kando yangu bila salamu:
Anaeli, mwanawe Ndeanasia, aliyevibeba mwenyewe mgongoni.
Hatukusemezana. Tulipofika cha ishirini
vilivyobaki vikaondoka vyenyewe,

na maji yakainama ukingoni, laini, hata hayapigi kelele,
yakateleza mgongo mrefu wa zege yakizidi wazimu,
hadi chini kwenye yale meno,
vibonge vikubwa vilivyopangwa kwa makusudi
yajigonge, yapasuke, yachoke,
yazungukezunguke kwenye beseni yakijitukana.
Yalipotoka pale kwenda mtoni
yalikuwa yanatembea.

Anaeli akaniuliza, huku anatetemeka, kwa nini wanaliita utoro.
Nikamwambia za wino mwekundu.
Sikumwambia nilikokuwa zile siku kumi na tisa:
kwenye mfongo, zamu ya mama yangu,
nikiyafungua maji yetu alfajiri
kabla mwenye shamba la juu hajayageuza.
Mwalimu hakuuliza.

Asubuhi Ndeanasia alipanda tutani na chupa ya chai.
Hakusema pole. Alisema anataka viroba vyake.
Tukanywa. Mbuzi walikuwa wamesharudi kwenye nyasi.

Nikafungua daftari nikaandika:
tarehe kumi na saba, kina juu ya ukingo
sentimita sitini na mbili, maji yanapita.
Mwishoni kuna safu ya sababu.
Niliishikia kalamu muda mrefu,
kisha nikaiacha wazi.