Mafuta Yasiyo na Risasi

Kisanduku kimeshuka na ndege ya saa nne,
kimepigwa mihuri hadi kimekosa uso.
Ndani: plagi kumi na mbili, nyeupe kama meno ya maziwa,
gasketi mbili, mshipi wa jenereta,
na kidude kidogo kama simu, ambacho kitabu chake chasema
kitamnong'oneza rubani silinda ipi inaugua.

Mimi ni mtunza stoo, uwanja wa ndege wa Malindi,
chumba cha bati nyuma ya mivinje.
Nahesabu, natia sahihi, napigana na chumvi.
Chumvi hapa haipigi hodi:
imekula bawaba, imekula skrubu,
imekula hata jina la ndege ya Kahindi Mwaringa,
likabaki herufi tatu.

Huyo Kahindi, mwenye ndege moja na madeni saba,
abebaye kambakoche kutoka Kiwayu,
alinijia juzi na mshipi mkononi.
"Mama Stoo, huu wa pikapu. Urefu ule ule, bei robo."
Nikamwambia: pikapu likikatika mshipi
unashuka, unalipiga teke tairi, unaita watu wasukume.
Huko juu ya Ngomeni utamwita nani?
Akacheka. Akalipa.
Akalipa nusu, niseme kweli.

Wahenga walisema vyaelea, vimeundwa.
Virukavyo hawakuviona;
wangeviona wangeongeza: na vina cheti.

Lakini habari ya leo si kisanduku. Ni pipa.

Miaka kumi na tisa, kila alfajiri,
nimekinga mafuta katika kibomba cha kioo,
nikakiinua kwenye mwanga.
Maji hukaa chini, kama mgeni mwenye haya.
Juu yake, buluu.
Nilifundishwa hivyo tu: buluu, ruka. Si buluu, kaa.
Leo nimeinua kioo
nikaona chai ya mkandaa.

Karatasi yasema: mafuta yasiyo na risasi.
Baya, mlinzi wa geti, akauliza:
"Kwani yale ya zamani yalikuwa yakimpiga nani?"
Tukacheka sote.
Fundi Shekuwe hakucheka.

Fundi Lali Shekuwe, mtu wa Faza,
miaka thelathini na mmoja akinawa kwa ile buluu,
maana sabuni haiwezi grisi.
Mwaka juzi, Mombasa, walimtoa damu
wakamrudishia neno moja: risasi.
"Daktari, mimi hata bunduki sijashika."
Siku hizi bisibisi humponyoka.
Huniuliza jina la waya aliponifunza yeye.
Daktari hakuapa kwamba ndicho chanzo. Nami siapi.

Akalisogelea pipa, mikono kaificha nyuma
kama mtoto mbele ya biskuti za wageni.
Akanusa.
"Halinuki kitu," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyepakuliwa wali usiotiwa nazi.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na kidonda cha kale je?

Kahindi akawasha. Rafadha ikakohoa, ikakohoa tena,
ikashika. Vumbi likatuingia masikioni.
Kidude kikawaka namba, lakini Kahindi hakukitazama.
Alimtazama Fundi,
aliyefumba macho na kuinua vidole vitatu.
Silinda ya tatu.
Kidude kikasema ya nne.

Tukafungua ya tatu kwanza, kwa heshima.
Ilikuwa safi.
Ya nne, plagi mpya ilikazwa nusu;
na aliyeikaza asubuhi tunamjua, hakuna aliyemtaja.
Alichukua spana mwenyewe.
Nilimshikia tochi, nikaitazama tochi tu.

Sasa jua limegeuka, ndege imekwenda.
Kwenye daftari kuna safu: tarehe, lita, rangi.
Chini ya rangi, mistari elfu moja ya buluu,
mwandiko wangu wa usichana hadi huu wa miwani.
Nimeandika: chai.
Mkaguzi atagomba. Na agombe.
Nje, penye bomba, Fundi ananawa kwa sabuni,
anasugua kucha moja moja,
na povu linatoka jeusi, linatoka jeusi bado.